Nilimwachia Bolamba Hewani

Mimi ndiye niliyemvunja Bolamba. Watu wa Kisangani waliokuwa uwanjani siku ile wanaamini ilikuwa ajali, na miaka yote hii nimewaacha waamini hivyo. Haikuwa ajali. Niliamua.

Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Wewe hunijui, kwa hiyo nakuambia wewe.

Ilikuwa enzi za Zaire. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa watu waliotoka Maniema, na papa, yaani baba yangu, alikuwa ameshakufa. Kule Mangobo, mtaa wa Kisangani, ndani ya ghala la zamani la kahawa, kulikuwa na mwalimu wa mieleka tuliyemwita Maître. Alikuwa amejifunza kachi, mieleka ya ulingoni, huko Japani, akarudi na desturi zote za huko. Ukitaka akufundishe, unahama kwenu, unalala ghalani, na kila ukipanda ulingo unauinamia kwanza.

Tuliingia vijana kumi na wawili. Baada ya miezi michache tulibaki watatu: mimi, Bolamba, na mpwa wa Maître.

Wengine walishindwa, na siwalaumu. Kila asubuhi tulichuchumaa na kuinuka mara mia tano, mpaka jasho likatengeneza dimbwi sakafuni. Halafu kufagia, kuchota maji, kuponda ndizi za lituma na kupika majani ya sombe kwa wanamieleka wakubwa. Sisi tulikula kilichobaki. Miezi mitatu ya kwanza hatukufundishwa kumtupa mtu. Tulifundishwa kuanguka tu, juu ya mbao zilizolazwa kwenye matairi ya lori.

“Mwenzako anakupatia mwili yake,” Maître alizoea kusema. “Ukimuinua, iko mu mikono yako mpaka anafika chini.”

Bolamba alikuwa mtoto wa Yanonge, kando ya mto, mrefu, mwenye mabega ya watu waliokua wakipiga kasia. Siku moja malaria ilinilaza, na Maître akasema hesabu yangu lazima itimie, mgonjwa au mzima. Bolamba alichuchumaa mara mia tano zake, akafuta uso, akaanza zangu. Nilikuwa mkekani nikimsikia akihesabu.

Mtu huyo ndiye niliyemfanyia nitakachokueleza.

Maître alinipenda, au mimi niliona hivyo. Mimi ndiye niliyemsugua mgongo akioga. Aliniita mutoto wangu. Hakuna mwanaume mwingine aliyekuwa akiniita hivyo.

Basi ikaja habari kwamba wakubwa wa mkoa wanataka kuona kachi kwenye sherehe ya Chama tawala. Siku moja kabla, Maître aliniita nyuma ya ghala.

“Mutoto wangu, mwalimu yangu wa Japani ameandika. Anataka kijana moja aende kujifunza kule. Moja tu.”

Moyo wangu uliruka.

“Bon, mwenyewe unaona, Bolamba anakupita. Lakini kama kesho anaanguka mubaya kidogo, nani atauliza? Kachi iko na ajali.”

Akaniwekea mkono begani.

“Unanisikia?”

“Ndiyo, Maître.”

Maneno mawili. Hakunipiga wala hakunitisha. Niliyasema mwenyewe.

Kesho yake wakubwa walikaa mbele na suti zao za abacost, zisizo na tai. Tulipokuwa tunapanda, Bolamba alininong'oneza, “Ndeko, ndugu yangu, leo niko mwepesi. Unirushe juu sana, bakubwa bafurahi.”

Nilimrusha juu. Katika mrusho ule, mkono mmoja humshika mwenzako kiunoni ili ageuke na kuangukia mgongo. Alipofika juu kabisa, mkono wangu ulikuwa pale pale, unamshika. Nikauachia.

Aliangukia bega na shingo. Watu walipiga makofi, walidhani ndio mchezo wenyewe.

Hospitalini niliulizwa, nikajibu kwamba aliruka vibaya. Maître alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Bolamba alipona shingo, lakini mkono wa kushoto ulikufa. Mama yake alikuja na mtumbwi akamchukua. Kabla ya kuondoka alinishukuru kwa kukaa na mwanawe.

Nilingoja barua ya Japani wiki moja, mbili, nne. Halafu asubuhi moja nilikuta mkeka wa mpwa wa Maître umekunjwa. Alikuwa ameshapanda meli kwenda Kinshasa kuchukua ndege.

Nilimfuata Maître bila hata kuinama. “Uliniambia ni mimi.”

Hakuinua kichwa kwenye sahani yake. “Wewe? Mutu anayevunja mwenzake, naweza kumutuma kwa mwalimu yangu?”

Nilikusanya nguo zangu nikaondoka. Sikupanda ulingo tena.

Miaka ilipita, nikawa mchuuzi wa samaki wa kukausha. Biashara ikanifikisha Yanonge, na pale gatini nikamkuta Bolamba, akifunga mizigo kwa mkono mmoja na meno. Alicheka aliponiona. Alinikalisha, akaagiza samaki.

Nilimweleza yote. Nilimwambia Maître alinituma, nami nikakubali.

Aliacha kula.

“Maître aliniita na mimi,” alisema. “Siku ile ile alikuita wewe, asubuhi. Aliniambia nikuangushe wewe mubaya, halafu ni mimi nitaenda Japani. Nilikatala.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulimupenda sana yule papa. Nikaona haya.” Akautazama mkono wake uliolala mapajani. “Tena nilifikiri kama anakuita na wewe, utakatala tu.”

Hakunitukana wala hakunifukuza. Aliinuka akarudi kwenye mizigo yake, na hakugeuka tena. Sijarudi Yanonge tangu siku hiyo.

Maître alitusaliti wote wawili ili kumpitisha mpwa wake, ni kweli, na bado namchukia. Lakini mkono ulioachia ulikuwa wangu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, labda una mkubwa unayempenda, naye amekuita pembeni akakuonyesha kwamba rafiki yako ndiye anayekuzibia njia. Usimjibu. Nenda kwanza ukamuulize huyo rafiki ameambiwa nini juu yako.