Nimezima kwa Rimoti

Sisi tuliokulia Chemchem enzi za koroboi tunajua kuzima. Nasema hivi kwa hasira na sitaomba radhi, maana nyumbani kwangu leo wapo vijana wawili waliosoma hadi vyuoni, watoto wangu wa kuwazaa, na hakuna hata mmoja anayejua kuzima kitu.

Zamani ukizima, umezima. Unainama, unapuliza, moshi unakupanda puani, na harufu ya mafuta ya taa inabaki kwenye chandarua mpaka asubuhi. Mama yangu alikuwa na utambi wa kusoma na utambi wa kula. Tukisoma, aliuvuta juu kwa ncha ya pini, vivuli vyetu vikaota vichwa kama maboga ukutani. Chakula kikiletwa aliushusha mpaka ukabaki punje ya mtama. Tukilalamika kwamba hatuoni mboga, alituuliza, "Kwani midomo yenu imehama?" Basi tulikula ugali wa muhogo na mlenda kwa kupapasa, tukicheka, na mwenye mkono mwepesi akapata kipande cha samaki kisichokuwa chake.

Baba alikuwa fundi seremala, na redio yake ya betri nne kubwa ndiyo iliyoujaza watu uwanja wetu kila jioni. Majirani walikuja na vigoda vyao, watoto tukakaa chini na matobolwa mifukoni, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo ukivitafuna kwa pupa vinakukwama kooni. Taarifa ya habari ikiisha, baba hakubonyeza tu na kuondoka. Aligeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri moja moja, akazifunga kwenye leso na kuitia mfukoni mwa kanzu. "Habari zimekwisha," alisema, "na betri zikalale." Majirani waliaga, kwa sababu hapakuwa na la kubembeleza tena. Ijumaa betri zilianikwa juani kwenye kizingiti cha dirisha, nami kazi yangu ilikuwa kuzilinda zisiangushwe na kuku. Zikishakufa kabisa tulizipeleka shule, tukazipasua, ule unga mweusi tukauchanganya na maji kupaka ubao. Turudipo nyumbani mikono myeusi tii, mama alitusugua kwa dodoki mpaka tulie.

Hakuna kilichotupwa kikiwa bado na uhai. Makaa yaliyobaki kwenye pasi yalirudi jikoni kupashia chai ya tangawizi. Tulicheza rede mpaka adhana ya Magharibi, tukanawa miguu kwa maji yaliyosuuzia mchele, tukaona maisha yamenyooka.

Sasa njoo kwangu leo. Ni Chemchem hiyo hiyo, nyumba ya mabati, umeme upo. Mimi ni mjane, nashona nguo barazani kwa cherehani ya miguu ambayo haijui hata umeme ni nini. Naishi na mama yangu, ambaye sasa ni mzee sana, pamoja na mwanangu Twaha na mdogo wake Zuhura. Sebuleni pana televisheni, king'amuzi, spika kubwa inayotikisa vikombe kabatini, na maikrowevu inayoonyesha saa, na saa yenyewe si sahihi tangu siku iliponunuliwa. Friji liliharibika zamani, tunahifadhia vyombo. Kila kifaa kina kitaa chekundu kinachokukodolea macho usiku na mchana. Chaja zimening'inia hazina simu. Na kwa kuwa soketi ya chumbani kwake haikumtosha, Twaha alivuta ekstensheni kutoka sebuleni, ikapita katikati ya ukumbi mpaka chumbani kwake, kama barabara ya lami.

Nikisema zimeni, wananiambia wamezima. Wamezimaje? Mtu amelala chali kwenye kochi, ananyoosha rimoti kwa kidole kimoja, picha inapotea, basi, kazi imekwisha. Nikisema chomoeni, Twaha anacheka. "Mama bwana! Hiyo ipo stendibai tu, inakula nini?" Zuhura naye anadakia, "Mama, hayo mambo ya zama za koroboi." Kuamka na kutembea hatua mbili hadi ukutani kumekuwa ushamba. Vijana hawa wanaamka asubuhi kwenda kukimbia barabara ya Itetemia ili wapunguze mwili, halafu soketi iliyo karibu na goti hawaifikii!

Mwenye kuumia alikuwa mama yangu, nami nilichelewa kuliona hilo. Uniti zikikaribia kuisha, luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inaanza kulia, tii, tii, tii. Twaha huongeza sauti ya televisheni ili asiisikie. Mama yeye aliisikia, na papo hapo alizima taa ya chumba chake. Nilikuwa nikimkuta ameketi kitandani gizani, tasbihi mkononi.

"Mama, mbona gizani?"

"Luku inalia, mwanangu. Napunguza."

Katika akili ya mtu aliyelea watoto kwa koroboi, kinachokula ni kile kinachong'aa. Utambi ukiwa mkubwa, mafuta yanakwisha. Utambi ukiwa mdogo, yanabaki. Ndivyo alivyojua maisha yake yote, na wala hakukosea kwa wakati wake. Vile vitaa vyekundu vya sebuleni alividharau. "Vimulimuli hivyo," aliniambia, "vitakula nini?" Kwa hiyo akaona mlaji ni balbu yake, balbu moja iliyomsaidia kuona kanga yake na dawa zake, akaizima kwa moyo mweupe ili wajukuu wake wasikose umeme.

Alfajiri moja niliamshwa na kishindo cha birika la udhu. Nilitoka mbio, nikateleza kwenye maji, nikasikia pumzi za mama huko chini sakafuni. Neno lake la kwanza hata leo linanichoma.

"Usiwashe taa, mwanangu. Luku inalia tangu jana."

Niliiwasha. Mama alikuwa ameanguka ubavu, ameushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, uso umebadilika kwa maumivu. Waya wa ekstensheni ulikuwa bado umemzunguka kwenye kifundo cha mguu. Niliufuata kwa macho mpaka mlangoni kwa Twaha. Mwisho wake palikuwa na chaja, na chaja haikuwa na simu.

Hospitali walisema kiwiko ki salama ila mfupa wa mkono karibu na kiganja umevunjika, wakamfunga plasta ngumu. Twaha alimbeba bibi yake kushuka kwenye bajaji, analia waziwazi, nami sikumbembeleza. Niliogopa nikifungua mdomo nitasema neno ambalo mzazi halirudishi.

Siku iliyofuata vijana walitoka, mama akasinzia. Niliacha sebule na vyumba kama wao wanavyoviacha wanaposema wamezima. Hakuna balbu iliyowaka, hakuna picha wala sauti. Nikachukua kigoda, nikaketi barazani mbele ya mita, maana ina kitaa kinachokonyeza kila umeme unapotumika. Sikuona kitu, nikataka kuinuka. Ikakonyeza. Nikangoja tena, ikakonyeza tena, polepole, bila haraka, ndani ya nyumba ambayo kila mtu angeapa imezimwa. Nikaingia ndani nikachomoa televisheni, king'amuzi, spika, maikrowevu na chaja zote. Nikarudi na kikombe cha chai, nikainywa yote huku nikiitazama mita, na haikukonyeza.

Waliporudi nilikuwa nimechomeka kila kitu kama kilivyokuwa. Niliwasimamisha sebuleni.

"Nani alizima televisheni hii?"

"Mimi, mama," akasema Twaha.

"Kaizime."

Akanyoosha mkono kuchukua rimoti! Hapo nilipaza sauti mpaka jirani yetu aliyehamia kutoka Urambo akachungulia juu ya ukuta na kuuliza kama pana msiba. Niliwapeleka barazani, nikawakalisha mbele ya mita wajionee. Zuhura aliinamisha kichwa. Twaha, kwa kuwa amesoma, akataka kunipigia hesabu.

"Lakini mama, ni kidogo sana hiki."

"Ni kidogo, nakubali," nikamwambia. "Kidogo hicho kinakula mchana kutwa na usiku kucha, mwezi nenda mwezi rudi, na hakuna anayekitumia. Na bibi yako amekuwa akikilipia kwa giza."

Ekstensheni ya ukumbini ilitoka siku ile ile. Vifaa vya sebuleni vyote sasa viko kwenye soketi moja yenye swichi, na wa mwisho kutoka anaibonyeza. Wanafanya hivyo, ingawa Twaha bado anaguna kama mtu aliyetumwa maji kisimani. Na agune, mradi anazima.

Hasira yangu haijaisha, kwa sababu haikuwa ya umeme peke yake. Enzi zetu mafuta ya taa yakiisha, yaliisha kwa wote. Baba aliketi gizani, mama gizani, sisi watoto gizani, tukatambiana hadithi mpaka usingizi ukatuchukua, na hakuna aliyejiona ameonewa. Siku hizi umeme uko kila chumba, lakini giza tumemwachia mtu mmoja, tena yule aliyetushushia utambi ili tupate wa kusomea. Nawaambia wenzangu wa rika langu, nendeni mkawaangalie wazee wenu jioni hii, mjue wameketi wapi.

Mimi sasa naamka kabla ya mama. Naiwasha taa ya ukumbini, nasimama pale mpaka atoke kwenda kutawadha. Nimemweleza yote, kwamba balbu siyo mlaji mkubwa, kwamba luku hailii tena kama zamani, kwamba umeme huu ni wake kabla haujawa wa mtu mwingine. Ananisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa, ananishukuru. Jana alipita mbele yangu taratibu, plasta imening'inia shingoni kwa kanga, akafika usawa wa swichi. Akainua ule mkono wake mzima, akaizima taa.

"Nimeshapaona, mwanangu," akasema. "Hiyo waachie watoto."