Mabati ya Mama na Hukumu ya Nakuru

Mwanangu, siku ile barua iliponikuta Lozells, mtaa wa hapa Birmingham, Uingereza, nilikuwa nakunywa chai, na chai ikapoa sijaigusa tena. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nguvu ninazo, kazi ninayo ghalani kule Digbeth, na kichwa kigumu hujapata kuona.

Wanjiru, mke wangu wa kwanza, tulikuwa tumeachana katika korti ya Nakuru. Hakimu akaniamuru nimpe matunzo kila mwezi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwachisha ualimu akae nyumbani. Nikapanda ndege. Nikajiambia hukumu ya Nakuru haina pasipoti, itanifuata vipi Birmingham? Kumbe nchi hizi mbili zina makubaliano! Barua ilisema hukumu imeandikishwa katika korti ya hapa hapa, na nisipolipa watakata mshahara wangu.

Nikawaka. Pesa si nilikuwa nikituma? Nilizipitisha kwa mama yangu, maana niliona aibu kushughulika na mtalaka moja kwa moja, na kwetu mambo kama hayo huachiwa wazazi.

Nikabeba barua hadi dukani kwa Mzee Balbir, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyetuuzia unga wa ugali na kutusomea barua ngumu. Nilitaka anionyeshe pa kuponyokea.

Akaisoma, akavua miwani. "Pesa unatuma?"

"Kila mwezi, Mzee. Mama ndiye humpa."

"Na ile picha ulinionyesha juzi ukicheka, nyumba ya mama na mabati mapya. Wanjiru analala chini ya hayo mabati?"

Lo! Nikaanza kuikunja ile barua niondoke. Kwa sababu nilijua, mwanangu. Mama hakumpenda Wanjiru, na mabati yale nilijua yametoka wapi. Nilinyamaza nisije nikagombana na mama.

"Kijana," akasema, "siku ya harusi ulitaka mashahidi kanisa zima. Leo kumpa haki yake unajificha nyuma ya mama yako? Nenda kampigie Wanjiru simu."

Nikampigia. Nilijiandaa kwa matusi, hakunitusi. Aliniambia tu kwamba mwenye nyumba amemfungia mlango kwa kodi, na wiki ya tatu sasa analala kwa dadake. Nililia mle kibandani mwa simu bila haya. Kesho yake nikapanda basi hadi kortini, nikakubali wakate. Mwezi wa pili baada ya hapo Wanjiru alikuwa na ufunguo wake mwenyewe. Mama alininunia mwaka mzima, nikavumilia.

Basi nisikilize. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga hawakukosea. Ukiachana na mtu, haki yake mfikishie mwenyewe, na ushike risiti. Mzazi mtunze kwa kilicho chako. Na ukiona jambo la dhuluma likikunufaisha wewe au wako, uliza, hata kama jibu unalijua.

Mungu akujalie nyumba isiyovuja, mwanangu, na uweze kuitazama picha yake bila kuinamisha macho.