Makayabo ya Waviking

Mimi si mtu wa kusema. Nyumbani wananiita Bubu, shuleni hawaniiti kabisa. Kwa hiyo Madam wa Historia alipotaka kila mmoja wetu asimame aeleze maisha ya watu wa kale, nilichagua jinsi Waviking walivyovumilia baridi, nikidhani wale walikuwa watu wa kukaa kimya kwenye theluji. Siku ya kwanza nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Madam akasema nimebakiwa na nafasi moja: nisiposikika Jumatano, nitarudia kwenye asembli, mbele ya shule nzima.

Ningekufa.

Nikamfanyia mazoezi Mama, yeye akimsuka mteja jikoni, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Point, Durban.

"Miezi mingi jua halionekani vizuri," nikasoma. "Wanakaa wote nyumba moja ndefu, moto katikati, ng'ombe upande mmoja."

"Kama sisi hapa Point," mteja akasema. "Ila ng'ombe hamna."

"Iko mjomba wake," Mama akasema. "Anakoroma kushinda ng'ombe. Endelea, mama."

"Samaki wanamtundika kwenye upepo wa baridi, anakauka kama ubao."

Mama akaacha kusuka. "Eh! Ile iko makayabo!"

Nikamweleza kwamba si makayabo, samaki wa chumvi wa kwetu Kongo; wale hawakuwa na chumvi nyingi, kazi ilifanywa na upepo. Hakunisikia. Hata mimi sikujisikia. Kwa Mama samaki mkavu ni samaki mkavu, tena mtu haendi mbele za watu mikono mitupu. Jumatano asubuhi nikakuta makayabo mzima kwenye begi langu, mkia umetoka nje.

Ilikuwa baridi yetu ya Durban, yaani nje jua linawaka na watu wamevaa kofia za sufu. Madirisha ya darasa yalikuwa yamefungwa.

"Eish, nani amekufa?" msichana wa nyuma akauliza.

Nikamtoa samaki, nikamweka mezani. Paa! Kama ubao kweli. Darasa zima likacheka. Nikaanza kunong'ona maneno yangu. Madam akasogea, akatega sikio, na sentensi moja aliyoipata ni hii: "Walimtafuna hivyohivyo, bila kumpika, wakampaka siagi."

"Ajabu!" Madam akasema. Akanyofoa kipande kikubwa, akakitia mdomoni.

Jamani. Makayabo analowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa, ndipo anakutana na nyanya na kitunguu. Madam alitafuna mara mbili, akaacha. Macho yakamtoka. Nikaona anavyojikaza: hataki kuonekana anadharau chakula cha wageni. Akaanza kutafuna tena, machozi yakimtiririka, akinitabasamia.

"MADAM, TEMA!"

Darasa la jirani likanyamaza.

"Usimeze! Huyo si wa Waviking, huyo ni wa Mama! Ni chumvi tupu!"

Madam akatema kwenye tishu, akapokonya chupa ya maji ya msichana wa mbele, akaimaliza. Kusema hawezi. Akanipungia mkono: endelea. Basi nikaendelea, sauti ikiwa bado huko juu, kwa sababu sikujua inashushwaje. Nikaeleza upepo, nikaeleza mifupa waliyofunga chini ya viatu wateleze juu ya barafu, nikaeleza wazee waliokaa kando ya moto wakidanganyana hadithi mpaka jua lirudi.

"Na chooni walienda wapi?" mmoja akauliza.

"Nje, kwenye theluji. Mbio!"

Wakacheka, nami nikacheka.

Madam akapata sauti yake, nyembamba kuliko yangu. "Sharp. Umepita. Wamekusikia mpaka ofisini. Kaa sasa, tafadhali."

"Madam," nikasema, "bado iko sehemu ya chawa wao."