Jiwe Alilolifunga Mama

Nilifika nyumbani Nangara nikiwa nimechoka hadi kope. Tangu asubuhi nilikuwa nimeinama kwenye vilima vya volkano upande wa Hanang, nikiokota mawe ya kijani yaliyopandishwa na moto wa zamani kutoka tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Hakuna mtambo uliowahi kuchimba mpaka huko. Sisi watafiti tunangoja volkano itutupie, kama mbwa chini ya meza.

Mama aliitikia shikamoo yangu, akaniwekea ugali na samaki wa ziwani, kisha akauliza swali lake la siku zote: mawe hayo yana faida gani? Nikamweleza kwamba dunia ilipokuwa bado uji wa moto, karibu dhahabu yote ilizama pamoja na chuma hadi kwenye kiini. Chembe zilizobaki juu ndizo zinazotusimulia yaliyofuata. Ni chache mno. Pete ya dhahabu ikikwaruza jiwe, tutapima pete tukidhani tumepima dunia. Ndiyo maana nikiwa kazini sivai hata hereni.

Akatazama vidole vyangu, akacheka, akasema alidhani nimeachika. Kisha akaanza kuvuta pete yake mwenyewe, aliyovishwa na marehemu baba. Alitaka anisaidie kufunga mawe. Miaka yote hiyo, alisema, amenisaidia kwa maombi tu, kazi yenyewe hajawahi kuigusa.

Pete haikutoka. Jembe na uzee vimemnenepesha vidole. Alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya kupikia, kidole kikazidi kuvimba. Nilikuwa sina nguvu hata ya kubembeleza. Nikamwambia aache, nitafunga mwenyewe. Akafuta mafuta vidoleni, akaweka mikono mapajani. Kuiona imekaa bure kuliniuma.

Nikamchagulia jiwe moja, la kijani kuliko yote.

"Hili funga wewe, mama. Na pete yako hivyo hivyo."

Alichana kipande cha kanga kuukuu, akalizungushia taratibu, kama anafunika mtoto mchanga.

Jiwe hilo halitapimwa kamwe. Masharti ya maabara ni masharti. Liko mezani kwangu, bado ndani ya kanga. Kila Jumapili mama hupiga simu, na kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu, huuliza jiwe lake limesema nini. Namwambia foleni ya mashine ni ndefu.

"Haya, mwanangu," hujibu. "Waanze na ya wengine."