Mtori wa Mzazi

Nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale Pasua mjini mwezi wa sita, baada ya daktari kunipima presha mara mbili, akatikisa kichwa na kuniambia nikapumzike mahali penye utulivu. Nikamjibu kwamba ninayo nyumba Uru, kijijini mlimani. Nilijibu kwa majivuno, kama mtu anayejua kupumzika ni kitu gani. Nina miaka sitini na mmoja, na maisha yangu yote nimewahi kukaa bila kazi mkononi mara moja tu, tena hiyo mara moja niliitoroka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wangu. Iko katikati ya kihamba, shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini, na tangu yeye afariki tulikuwa tunaifungua Desemba tu, watoto wakija kula sikukuu. Mume wangu naye ametangulia. Watoto wako Dar es Salaam na kazi zao. Kwa hiyo nilipanda mlima na begi moja, nikafungua madirisha, nikakaa kitini dakika kumi, nikasimama.

Wiki ya kwanza niliimaliza kwa kufanya kazi ambazo hakuna aliyenituma. Nilipunguza majani makavu ya migomba. Nilipalilia kahawa. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilishona upya pindo za mashuka kwa mkono, kwa sababu cherehani niliiacha mjini makusudi na mikono ilikuwa inawasha. Jambo la kuchekesha ni kwamba nilikuwa naona aibu. Nikiwa nimekaa barazani na kusikia hatua njiani, nilikuwa nainuka haraka na kushika ufagio, mpita njia asije akasema mke wa marehemu ni mvivu. Mpita njia mwenyewe mara nyingi alikuwa ng'ombe aliyekata kamba.

Niseme sasa habari ya kutoroka. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa miezi mitatu ndani. Hagusi jembe, hatoki kuchota maji, hapiki. Mama mkwe ndiye anayepika: mtori wa ndizi mshare na nyama ya mfupa, maziwa, supu ya mbuzi wa mzazi. Kazi ya mzazi ni kula, kunyonyesha na kunenepa. Akitoka na mashavu, sifa inamwendea aliyempikia. Sijui kama kuna kipindi kingine ambacho mwanamke wa huku mlimani anaruhusiwa kulala mchana bila kuulizwa anaumwa nini.

Mimi nilijifungua mwanangu wa kwanza mwezi wa kumi. Mama mkwe alinitengea chumba cha nyuma, chenye joto la jiko. Asubuhi ananiletea bakuli, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nimalize. Mchana bakuli jingine. Alikuwa anapenda kuongea wakati ninakula, habari za zamani, za watu nisiowajua, na mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa mjini. Mwezi wa kumi na mbili ndio msimu wa sare za shule, na fundi asiyeonekana kibandani msimu huo, wateja wanamsahau. Siku ya arobaini na tano nikamfunga mtoto mgongoni nikamwambia, "Mama, nimepona, ngoja niende."

Hakunizuia. Aliniuliza tu, "Mtori ulikuwa mbaya?"

Nikacheka, nikamwambia mtori haukuwa na kasoro. Nikaondoka. Mtoto wa pili na wa tatu niliwazaa nikakaa nao mjini hukohuko, na kila mtu alinisifu kwa uchapakazi. Nilizipenda sana zile sifa.

Wiki ya pili ya mapumziko yangu ukungu ulishuka na haukuondoka. Mwezi wa saba huku ni baridi, na ikifika saa kumi jioni huoni hata mgomba wa tatu kutoka mlangoni. Nilikuwa mpweke, sitafuti neno jingine. Watoto walipiga simu kila Jumapili kuniambia nipumzike. Sauti zao zikikatika, nyumba inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla hawajapiga.

Siku moja bibi jirani alipita kukata majani ya ng'ombe wake. Ni rafiki wa mama mkwe wangu tangu usichana wao, ameinama mgongo lakini panga lake bado kali. Alinikuta nachimba mtaro ambao maji hayapiti tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Aisee, hapo unapigana na nini?"

Nikamwambia nimekuja kupumzika, daktari amesema. Akautazama ule mtaro, akanitazama na mimi.

"Wewe hukuweza tangu zamani," alisema. "Siku ile ulipoteremka na mtoto, mama yako alikuja kwangu na sufuria. Alikuwa ameshamenya ndizi za kesho. Tukala mtori wa mzazi, watu wazima wawili, wiki nzima. Mimi nacheka, yeye hacheki."

"Nilidhani nimempunguzia kazi."

"Kazi gani? Mume wake alishakufa, watoto mko mjini. Ile miezi mitatu ndiyo alipata mtu wa kukaa naye. Alishaanza kuisubiri hiyo miezi hata ndoa yako haijafika mwaka."

Akafunga mzigo wake wa majani. Nilimwomba akae kidogo nichemshe chai, nikasikia sauti yangu ilivyokuwa ikibembeleza. Akasema ng'ombe hawajala tangu asubuhi. Nikabaki na jembe langu. Miaka yote nilijiambia kwamba nilijinyima mwenyewe, nikaona ni ushujaa. Kumbe kukaa kwangu kulikuwa na mwenyewe, na nilimnyang'anya.

Nililiweka jembe. Nikamenya ndizi, nikachemsha na kipande cha mfupa, nikaponda, nikala barazani, polepole, bila kushika ufagio. Watu wawili walipita njiani, wakanisalimia, nikawajibu nikiwa nimekaa.

Jumapili mwanangu wa kwanza akapiga.

"Mama, unaendeleaje? Unafanya nini huko?"

"Nimekaa."

"Umekaa? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekaa tu, nakula mtori."

"Na nani?"

"Peke yangu. Njoo nikupikie. Hata siku mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake watu wa ofisini wakizungumza, maana hata Jumapili anakwenda kazini. Huo uchapakazi ameupata kwangu.

"Desemba mama, tukijaliwa. Sasa hivi kazi zimebana sana."

Nikamwambia haya, Desemba. Sikumwuliza kama mtori wangu ni mbaya.