Pasi Kumi na Moja Zilizomshinda

Kwa miaka ishirini fundi alitengeneza pasi, feni na redio katika chumba alichopangishwa na halmashauri. Mwaka huu halmashauri ilitenga fedha za kuwasaidia mafundi wanaookoa vitu vibovu visiishie jalalani, na ambaye hangechaguliwa angerudisha funguo za chumba. Fomu iliuliza ni vitu vingapi vimemshinda. Akaandika: pasi kumi na moja.

"Nani kakutuma ujichongee?" mkewe alimaka. "Wenzako wote wameandika sifuri!"

"Zimenishinda, mama watoto. Niandike zimefufuka?"

Siku ya ukaguzi alimfungulia ofisa wa halmashauri, mama mmoja wa makamo, sanduku la zile pasi. Mama yule akazigeuza moja baada ya nyingine.

"Zina nini?"

"Zote ugonjwa mmoja. Waya wa ndani umeungua, na waya wenyewe hauuzwi hapa mjini."

Ofisa akacheka. "Fedha hizi ni za kununulia vipuri, mzee wangu. Nimepita kwa mafundi sita, wote wananiambia hawajakwama popote. Sasa hao niwanunulie nini?" Akagonga muhuri wa kukubali kwenye fomu.

Fundi akajikalia juu ya sanduku. Funguo alizokuwa amezishika mfukoni tangu asubuhi akazirudisha kwenye msumari wa ukutani.

"Na ile feni ya dada yangu," mkewe akauliza kutoka mlangoni, sauti imelainika, "mbona hukuiandika?"

"Ile haijanishinda. Ile sijaigusa."