Kamera Iliyowekwa Kimo cha Mtoto

Ukuta wa udongo ukinyeshewa majuma matatu mfululizo hunuka kama chungu kisichochomwa. Hiyo ndiyo harufu ya mtaa wa Lindi, Kibera, msimu wa masika nilipokuwa na miaka minane, katika chumba cha kupanga tulimoishi mimi, mama na baba. Baba alikuwa seremala wa kibarua. Asubuhi moja alijitwika sanduku la randa na misumeno, akaenda kutafuta kazi ng'ambo ya Ziwa, asirudi tena. Haikuja barua, wala haukuja mwili. Kuhusu safari hiyo nilishika jambo moja kuliko yote: alipofika penye tangi la maji, hakugeuka kututazama. Mwana hutazama kisogo cha nina, humfuata mamaye. Mama alinyamaza juu ya baba, nami nikanyamaza. Nilipopata mwana nilikataa kumpa jina la babu yake, ingawa mila yetu ilitaka hivyo, na nyumbani kwangu Kawangware sijawahi kutundika picha ya baba.

Nilifundisha historia maisha yangu yote ya kazi. Kila darasa jipya niliandika ubaoni methali isemayo lisemwalo lipo, kisha nikaikata kwa mstari mmoja mnene, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba lisemwalo husemwa tu, mpaka apatikane aliyeliona.

Likizo ya Aprili mwaka huu, mjukuu wangu Achieng, mwenye miaka kumi na mmoja, aliomba kutengeneza filamu ya msimu ule wa masika kwa matofali ya plastiki ya kuchezea. Angejenga chumba, amsogeze mtu wa plastiki kidogo kidogo, apige picha moja kwa kila hatua, na picha zikipitishwa upesi mtu yule aonekane anatembea. Ilihitajika kamera ya kuchomeka kwenye kompyuta, nasi tukaenda kuichagua katika duka moja la Riruta Satellite.

"Mzee, chukua hii," kijana wa duka alisema. "Hii ni noma. Inajipanga yenyewe, mwangaza, kila kitu. Wasee wote wanabeba hii."

"Wewe umeijaribu?"

"Wateja wanaisifu sana, mzee."

"Sikuuliza wateja wanasemaje."

Achieng alicheka. "Utazoea. Hata chai yetu lazima ipate shahidi."

Niliagiza kamera zote mbili zilizokuwapo zichomekwe. Tuliweka tofali jekundu mezani, tukalipiga picha kumi bila kuligusa, Achieng akipitisha mkono kando yake. Katika ile iliyosifiwa, kila mkono ulipopita kamera iliubadilisha mwangaza na kutafuta upya pa kukazia jicho, hata tofali lililotulia likaonekana linapumua. Ya pili ilikuwa duni kwa sura, lakini lenzi yake ilikazwa kwa mkono na mwangaza wake ukafungwa palepale ulipowekwa. Tena haikudai kukaa juu ya skrini. Ilisimama chini, juu ya matofali mawili. Tukaichukua hiyo.

Nyumbani tulijenga chumba, njia, na tangi la buluu. Achieng aliishusha kamera hadi kimo cha mtoto wa plastiki aliyekuwa mimi, kisha akauliza, "Babu, ulikuwa umesimama wapi?"

"Ndani, nyuma ya mama."

"Na mlango?"

"Umefungwa. Mvua ilikuwa inaingia."

Aliufunga mlango. Kwenye skrini ukabaki mlango mtupu.

"Sasa hiyo tangi uliiona aje?"

Nilimwambia kwamba Mama Atieno, jirani yetu, ndiye aliyemweleza mama jioni ile kwamba baba hakugeuka.

"Na yeye alikuwa wapi?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

"Basi hiyo ni ya kusikia, Babu," alisema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi begani. "Nimgeuze baba yako awatazame?"

"Hapana. Hilo nalo hatukuliona."

Niliondoa tangi kwa mkono wangu. Tukapiga picha ya mlango unaofungwa, na mtoto anayeukaribia hatua kwa hatua, hadi paji lake la uso likagusa ubao. Hakuna zaidi.

Watu wa siku zile tulikuwa na vinywa vya majirani tu vya kutuhifadhia mambo yetu. Watoto wa leo wana kamera, nao huulizwa ilisimama wapi. Sisemi wao ni bora. Nasema mimi, niliyewafundisha wengine kuuliza, sikuuliza nyumbani kwangu, na mwanangu amekua bila jina lililokuwa haki yake. Umri wangu sasa ni zaidi ya mara mbili ya umri aliokuwa nao baba asubuhi ile, na ni mwaka huu tu ndipo nilipoanza kumlilia.